Toleo la Nane

4 Februari

Shemeji yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Simu yako nimeipiga hadi nikachoka, mwisho nikaelezwa kwamba umenifungia. Basi nimeona nikuandikie kwa karatasi, na nimemkabidhi kondakta wa basi la huko kwenu.

Sisi hatujambo. Karakana inakwenda vizuri. Tumepaka rangi upya, chumba cha kupimia kimewekwa vigae, na tumenunua kompyuta mpya, maana ile ya zamani ilikuwa inanguruma kama jenereta. Mama hajambo, anakusalimu sana.

Kuna jambo dogo tu. Ile programu ya kuchorea miguu ya bandia imeanza uvivu kwenye kompyuta mpya. Ukiibonyeza haikai. Fundi wa kompyuta ameiangalia akasema imezeeka, afadhali tutafute nyingine, lakini mimi nikasema ngoja kwanza nimuulize shemeji, yeye aliwahi kusaidia mambo hayo. Kama kuna kitu cha kubonyeza, niandikie mistari miwili mitatu, tusikusumbue.

Najua tuliachana vibaya kidogo. Yaliyopita tuyaache. Sisi ni ndugu.

Shemeji yako,
Mkurugenzi


10 Februari

Mkurugenzi,

Nimekufungia simu kwa sababu sauti yako inafanana na ya marehemu, na sitaki kuisikia ikisema uongo.

Unaiita "ile programu". Niliiandika mimi, wakati kaka yako alipokuwa bado anachonga kwa mkono na kurudi nyumbani na plasta hadi kwenye nyusi. Alikuwa anakaa kando yangu, ananionyesha kwa kidole kwenye goti lake mwenyewe: hapa mfupa unachomoza, usiguse, hapa nyama inavumilia, bana. Mimi nikavigeuza vidole vyake kuwa hesabu. Ndiyo maana mtu aliyekatwa mguu chini ya goti alikuwa anapimwa asubuhi, na mashine ya kuchonga inamtolea umbo la mguu wake kabla chai haijapoa. Huko ndiko "kusaidia mambo hayo".

Halafu akafa. Nguo zangu za msiba hazijapigwa hata pasi, ukabadilisha kitasa. Nilisimama nje ya karakana ya mume wangu na ufunguo usioingia. Sanduku langu ukanitolea kupitia dirisha la mapokezi kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani, na nikiwa palepale nasikia ukawaambia wafanyakazi, "Shemeji alikuwa anatusaidia tu kompyuta." Mama hakuja mlangoni. Nilimsubiri hadi mlinzi akanionea haya akaniletea kiti. Sikukaa.

Kwa hiyo usiniambie tuliachana vibaya kidogo.

Ila umeuliza swali la kifundi, na swali la kifundi huwa silikatai. "Haikai" si maelezo. Fanya hivi, na ufanye wewe mwenyewe, si fundi wako. Fungua folda ya programu. Bonyeza pale juu panapoandikwa njia ya folda, futa, andika cmd, gonga kitufe cha kuingiza. Litatokea dirisha jeusi. Ndani yake andika jina la faili ya kuanzishia, gonga tena. Programu ikifa, safari hii itakufa ikisema sababu. Nakili kila neno inalolisema. Usifupishe, usinitafsirie.

Na uniambie unaona nini kwenye skrini kabla haijafa. Yote.

Mwandishi wa programu


17 Februari

Shemeji,

Umenitoa jasho. Dirisha jeusi nimelipata mara ya nne, wafanyakazi wakinitazama. Mpokezi alicheka, nikamtuma dukani.

Kabla haijafa inatokea ile picha ya mwanzo yenye jina la karakana. Kwa kuwa umesema niseme yote: pana jina langu pia. Fundi ndiye aliyeliweka, alisema programu ya ofisi huwa na jina la mwenye ofisi. Mimi sikuliona tatizo kwa wakati huo. Picha inakaa kidogo, inapotea, kunabaki kimya.

Dirisha jeusi linasema, kwa Kiingereza chake, kwamba halikuona sehemu moja inayohusu kuchora madirisha, na chini yake mistari mingi inayofanana, kila mmoja ukianza na "at". Nimeinakili kwenye karatasi ya pili. Kichwa kiliniuma.

Naomba unijibu haraka. Watu wanasubiri. Yuko mwalimu aliyegongwa na pikipiki, kigutu chake kimepona kabisa, shule inataka kuijaza nafasi yake. Yuko mama muuza nguo anayekuja kila siku ya soko kuuliza. Plasta, yule mchongaji wenu wa zamani, anasema anaweza kuwachongea kwa mkono, lakini macho yake si ya kutegemea tena. Kompyuta ya zamani siwezi kuirudia, niliitoa kwa watu wa vyuma chakavu. Nilidhani programu inahama na aikoni yake.

Mama hajambo.

Mkurugenzi


23 Februari

Mkurugenzi,

Mistari uliyoinakili imenitosha.

Nitakueleza kama ninavyomweleza mtu yeyote. Programu yangu haisimami kwa miguu yake. Inasimama juu ya programu nyingine iliyo chini yake, ambayo mafundi wanaiita rantaimu. Hiyo ndiyo inayoisomea maagizo na kuyageuza kuwa kazi ambayo kompyuta inaielewa. Rantaimu zina matoleo. Niliandika kwa toleo la nane, ambalo ndani yake mlikuwa na vifaa vya kuchora madirisha, na mimi nikavitumia. Fundi wako amekuwekea la kumi na saba kwa sababu ndilo jipya. Kwenye matoleo mapya vifaa vile viliondolewa. Programu inaamka, inaonyesha picha yenye jina lako, inanyoosha mkono kuchukua kifaa chake, haikuti kitu. Inaanguka. Haijazeeka. Imehamishiwa nyumba isiyo na jiko na kuambiwa ipike.

Tafuta toleo la nane, lile lililokuja na vifaa vya madirisha, uliweke. Hakikisha kompyuta inalitumia hilo la nane, si la kumi na saba.

Jina langu kwenye ile picha lilikuwa chini, kwa herufi ndogo, pamoja na la marehemu. Nataka ujue kwamba nimeelewa: si langu tu ulilolifuta.

Mwandishi wa programu


3 Machi

Shemeji,

Umenifanyia makusudi.

Nimeliweka hilo toleo la nane. Na kwa kuwa uliandika "si la kumi na saba", nikaliondoa la kumi na saba ili nisikosee. Sasa programu ya miadi ya wagonjwa, ile aliyotuwekea fundi, nayo haifunguki. Fundi amekuja, akaniuliza kwa nini nimelitoa, kumbe hiyo yake inalihitaji hilohilo. Nilikuwa na programu moja iliyokufa, nikawa na mbili. Watu wamekuja siku moja, wote asubuhi, wengine kwa magongo, wengine wamebebwa, mpokezi hajui nani alipangiwa lini. Palizuka maneno. Mwalimu alinitukana mbele ya watu.

Na programu yako bado. Picha inatokea, safari hii inakaa zaidi, inaandika "inatafuta mashine ya kuchonga", halafu inakufa vilevile. Dirisha jeusi linataja kitu kuhusu biti sitini na nne na thelathini na mbili. Ulilijua hilo. Mtu aliyeiandika hawezi kuwa halijui. Ulikaa huko ukaniacha nijipige mwenyewe mbele ya wafanyakazi wangu.

Nikukumbushe kwamba programu iliandikiwa kwenye karakana hii, kwa umeme wa karakana hii. Nikitaka naweza kumwona wakili. Sitaki. Nakuomba kwa heshima. Lakini kaka angekuona hivi ulivyo, angeona haya.

Mkurugenzi


9 Machi

Mkurugenzi,

Ndiyo. Makusudi.

Sikukuandikia uondoe chochote. Hilo ulilifanya mwenyewe. La biti nililijua na nikanyamaza. Nilitaka usimame mbele ya watu ukiwa na kitu mkononi ambacho kinapaswa kufungua na hakifungui. Nilitaka mtu acheke, na wewe umsikie.

Mwone wakili. Mpelekee na ile picha yenye jina lako, akuulize mstari wa kwanza wa programu unasemaje.

Marehemu usimtaje tena kwenye barua zako. Ukimtaja, sitajibu hata salamu.

Ukitaka jibu lililobaki, wakusanye wafanyakazi wote chumba cha kuchongea, pamoja na wagonjwa watakaokuwepo, uwaambie nani aliiandika programu na nani alimfundisha mguu. Useme kwa mdomo wako na kwa majina yetu. Plasta ataniambia kama umesema.

Mwandishi wa programu


15 Machi

Mwanangu, mke wa mwanangu,

Nakuandikia mwenyewe, utaona herufi zinatambaa. Usimwambie mtu umepata barua hii.

Plasta alikuja kunijulia hali juzi. Tulikaa uani, akaniambia kwamba bosi wake aliwakusanya chumba cha kuchongea, akakohoa, akasema programu hiyo "iliandikwa na familia". Plasta akasimama akasema, familia ina watu, bosi, taja. Akafukuzwa kazi palepale. Nikamuuliza kisa chenyewe ni nini, ndipo akanieleza yote tangu kitasa.

Mimi sikuyajua. Siku unayosema hukuniona mlangoni, nilikuwa nimelazwa hospitali tangu usiku uliotangulia. Kisukari kilikuwa kimenishika mguuni, kidole kimoja kikawa cheusi. Nilipotoka, niliambiwa mkwe wako amekusanya vyake ameondoka, hata kukuaga hakutaka, amesema hana cha kufanya tena na nyumba hii. Nililia zaidi ya nilivyolia msibani. Nikasema moyoni, basi huyu naye alikuwa wa kupita. Nilikuchukia, mwanangu. Nisamehe kwa hilo, maana nilikuchukia kwa nguvu zangu zote.

Kidole hakikupona. Wakakata kidole, kisha nusu ya wayo, na kabla mvua hazijaanza wakakata chini ya goti. Mguu wa kulia. Ile "Mama hajambo" yake ni mimi nilimwambia aandike hivyo, sikutaka mtu aliyenitupa anionee huruma. Nasubiri mguu kwenye karakana ya wanangu kama wagonjwa wengine. Kila jioni anarudi ananiambia, kesho, mama, kompyuta inatengenezwa.

Sasa sikiliza. Najua unavyofikiri, utasikia habari hii utampa jibu kwa ajili yangu. Usimpe. Nakukataza. Alinipokonya mtoto akaniambia mtoto ndiye amekimbia. Mimi nimemzaa, siwezi kumpiga, lakini nataka aumie nimwone.

Jengo la karakana ni langu, niliachiwa na baba yao. Siombi ruhusa kuingia. Plasta bado ana ufunguo wa mlango wa nyuma, huyo bosi hakumbuki hata kama kuna mlango wa nyuma.

Mama yako


20 Machi

Mama yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa kazini, wagonjwa wakanitazama, nikawaambia vumbi la plasta limeniingia machoni.

Mimi nami nilikuchukia, Mama. Nilikaa nikijiambia ulikuwa nyuma ya pazia, unanitazama. Kila nilipokuwa namtesa mwanao kwa barua, nusu ya mateso nilikuwa nakupelekea wewe. Nilimnyima jibu la pili nikijua watu wanasubiri. Sikujua mmoja wao ni wewe. Sasa hivi hasira iliyobaki yote ina anwani moja.

Nakutii. Simpi jibu.

Nakuja Jumamosi asubuhi, yeye akiwa kwenye kikao chake cha wafanyabiashara. Plasta akutangulize na kiti cha magurudumu kwa mlango wa nyuma. Programu yangu ninayo kwenye flashi, na pembeni yake nimeiwekea rantaimu yake yenyewe, toleo la nane, la biti thelathini na mbili, kwa sababu faili inayoongea na mashine ya kuchonga ni ya thelathini na mbili na haikubali kukaa chumba kimoja na ya sitini na nne. Nimeielekeza itumie hiyo iliyo kando yake tu. Sitagusa chochote kwenye kompyuta yake. Nikichomoa flashi, atakuta kila kitu kimekufa kama alivyokiacha.

Nahitaji unijibu haya. Kigutu kinavimba jioni? Asubuhi ukikishika, pale mbele mfupa unapoishia, kuna maumivu makali au ganzi? Kovu limefunga kote au kuna mahali panalowa? Soksi ya kubana unaivaa, au umeiweka kwenye droo kama ninavyokujua? Ivae kuanzia leo, Mama. Mashine inachonga kile inachopimiwa. Ukija na uvimbe, nitakupa mguu wa uvimbe.

Umbo tutalichonga huko, kazi iliyobaki tutaimalizia hapa kwenye karakana ya hospitali ninapofanya kazi. Kwa hiyo fungasha nguo za kukaa. Chumba chako kwangu kina dirisha upande wa bustani, na choo kiko jirani. Plasta naye nimemwombea kazi, wanamtaka. Mimi nitamwazima macho yangu, yeye ataniazima vidole vyake.

Mwanao


2 Aprili

Wewe,

Mama yuko wapi?

Nilirudi Jumamosi nikakuta kitanda kimetandikwa na magongo yameegemezwa ukutani. Jirani anasema ameondoka na gari, amevaa vizuri, amekaa mbele. Simu hapokei. Nimekwenda kwa Plasta, mlango una kufuli.

Karakanani nimekuta unga wa povu gumu la kuchongea chini ya mashine ya kuchonga, mbichi, bado mweupe. Mashine ambayo programu yake haifunguki. Nimebonyeza tena na tena. Picha, kimya. Picha, kimya. Nani alikuwa humu? Mlinzi anasema hakuona mtu, halafu anatazama pembeni.

Wiki hii mwalimu hakuja. Muuza nguo hakuja. Mpokezi anakaa anapaka kucha rangi. Nimewapigia wagonjwa, mmoja ameniambia, "Tumeshahudumiwa." Wapi? Hasemi.

Nimeandika majina yenu kwenye ile picha ya mwanzo. Fundi amenitengenezea, la kaka na lako, herufi kubwa. Langu nimelitoa. Basi. Umeshinda, nimekubali. Niambie Mama yuko wapi, na uniambie nifanye nini na hii programu.

Mimi


11 Aprili

Shemeji,

Mama yuko kwangu. Sikumwiba, aliingia garini mwenyewe akaniambia nifunge mlango. Amekatazwa kutembea sana wiki hizi za kwanza, hasikii. Asubuhi anakwenda hadi geti na kurudi, Plasta akimfuata nyuma akijifanya anafagia. Jana alikwenda dukani peke yake. Alirudi amechoka, akavua mguu, akaniomba nipunguze kidogo upande wa nje ambako unamfinya, na alikuwa sahihi, nikapunguza. Nimemuuliza kama ana salamu za kukutumia. Alifikiri sana, akasema, "Mwambie sijambo."

Ameniomba nikueleze pia kwamba kuhusu jengo atakuandikia barua mwenyewe kwa wakati wake.

Wagonjwa wamekuja huku. Sikuwaiba nao. Mwalimu aliuliza, Plasta akamjibu, mwalimu akawaambia wenzake. Amesharudi darasani. Muuza nguo anataka mguu wa pili, wa kuvalia viatu vya kisigino kifupi, tunabishana.

Sasa programu yako. Umeomba jibu, nakupa lote, safari hii sijaficha kitu.

Usiondoe toleo lolote. Mwombe fundi alirudishe la kumi na saba, lile la sitini na nne, ili programu ya miadi iamke. Aliache hapohapo kama la kompyuta nzima. Kisha chukua toleo la nane, la biti thelathini na mbili, lenye vifaa vya madirisha. Usilisakinishe. Lifungue kwenye folda yake, folda hiyo uiweke ndani ya folda ya programu ya miguu, uipe jina fupi lisilo na nafasi. Nenda kwenye faili ya kuanzishia, ifungue kama maandishi, na mahali panapoita rantaimu kwa jina tu, andika njia kamili hadi ndani ya folda hiyo mpya. Hifadhi. Washa mashine ya kuchonga kwanza, ndipo ubonyeze aikoni. Kila programu itakuwa na toleo lake, na hakuna itakayomsumbua mwenzake.

Nimeijaribu hatua kwa hatua kwenye kompyuta kama yako. Inafanya kazi. Picha itatokea, na majina yetu uliyoyaandika kwa herufi kubwa. Itaitafuta mashine, itaipata, utaisikia ikinguruma. Halafu dirisha jeupe litafunguka, safi kabisa, likuombe kitu kimoja tu kabla hujaendelea: uandike jina la mgonjwa.

Andika, shemeji.

Mwandishi wa programu